Wav, Was, Jml

Ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali, popote Tanzania, ni nadra kukosa kipande cha manila ukutani. Kimechorwa jedwali kwa rula na kalamu nene, mara nyingi na mwalimu mwenye mwandiko mzuri kuliko wenzake. Safu ya kushoto ina madarasa: Awali, I, II, III, mpaka VII. Juu pameandikwa Wav, Was, Jml, yaani wavulana, wasichana, jumla. Pembeni lipo jedwali la ikama ya walimu, la madawati na la matundu ya vyoo: yanayohitajika, yaliyopo, pungufu. Kila mgeni anayesaini kitabu cha wageni, awe diwani, mthibiti ubora au mfadhili, huinua macho akayashusha moja kwa moja hadi pembe ya chini kulia, kwenye jumla kuu. Akishaiona ameridhika. Shule ina watoto 1,140, basi.

Naomba tusikimbilie pembe ile. Jumla kuu ndiyo tarakimu isiyosema mengi kuliko zote zilizo kwenye manila. Inachanganya mtoto aliyeingia juzi na yule anayekaribia kuondoka, na inaficha wale waliokwisha ondoka. Maoni yangu, ambayo sura nzima inayasimamia, ni kwamba nchi yetu imejifunza kuusherehekea mstari wa darasa la kwanza na haijajifunza kuuogopa ule wa darasa la saba. Jedwali lisomwe kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kila mstari ukiulizwa: wale waliokuwa juu yako mwaka jana, wako wapi?

Tuanze na namna mtoto anavyoingia kwenye jedwali lenyewe.

Kwa kizazi cha babu na wazazi wetu, cheti cha kuzaliwa kilikuwa karatasi ya watu wa mjini. Vijijini mwalimu alitumia mkono wa mtoto. Mtoto alisimamishwa mbele ya meza, akaambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya utosi na kushika sikio la kushoto. Vidole vikifika, jina linaandikwa. Visipofika, mzazi anaambiwa amrudishe mwakani. Wapo watu wazima wengi, wengine sasa ni maprofesa, ambao hadithi ya elimu yao inaanzia kwenye sikio hilo.

Kipimo kilikuwa na mantiki yake. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kikilinganishwa na mwili, na mikono yake ni mifupi. Karibu na miaka sita au saba uwiano huo hubadilika. Lakini kilipima mwili, na mwili hautegemei umri peke yake. Unategemea pia kilichoko sufuriani. Miaka ya 1990 zaidi ya watoto wanne kati ya kila kumi wenye umri chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa kwa lishe duni, na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 bado ulikuta asilimia 30. Mtoto wa nyumba yenye maziwa na maharage aligusa sikio mapema. Wa nyumba ya mlo mmoja kwa siku angeweza kurudishwa mwaka wa kwanza na wa pili, akaingia darasa la kwanza na miaka tisa. Hakuna aliyekusudia kumbagua. Mwalimu alikuwa na vyumba vichache na watoto wengi, akatafuta njia isiyohitaji karatasi.

Sasa fuata hesabu. Aliyeingia na miaka tisa hufika darasa la saba akiwa na kumi na tano. Katika vijiji vingi, kijana wa kumi na tano ni mikono ya kazi inayotegemewa shambani na malishoni, na binti wa umri huo ameshaanza kuulizwa posa. Mlango uliochelewa kufunguka mwanzoni unamsukuma nje mwishoni. Tofauti ya miaka miwili darasa la kwanza, ambayo mgeni mwenye kutazama jumla kuu hawezi kuiona, ndiyo inayokuja kulipwa darasa la sita.

Siku hizi sikio halishikwi sana. Kuna kadi ya kliniki, kuna vyeti vinavyotolewa na wakala wa serikali wa usajili, RITA, kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kazi iliyoanza mkoani Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mikoa mingine. Kilichobaki ni umbali. Shule ikiwa kilomita tano au sita, mzazi mwenye akili timamu hamtumi mtoto wa miaka sita kuvuka mto peke yake; humngoja akomae. Ndiyo maana nazithamini shule shikizi, vile vyumba viwili vitatu vinavyojengwa kitongojini ili wadogo wasome karibu na nyumbani chini ya shule mama. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilipokuja, vyumba 3,000 vilitengwa kwa ajili ya shule hizo. Vilipewa nafasi ndogo magazetini kuliko vyumba 12,000 vya sekondari vya mpango uleule, ingawa nadhani shilingi iliyowekwa pale inafanya kazi kubwa zaidi: inapunguza umri wa kuingia, na ukiupunguza umri wa kuingia umebadilisha jedwali zima mpaka chini.

Jedwali letu la taifa lina historia ya mafuriko na ukame. Wakati wa Uhuru mwaka 1961, Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi wa msingi wasiofika nusu milioni, na walisoma kwa mafungu ya rangi: shule za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, kila fungu na bajeti yake. Mfumo huo ulivunjwa mwaka 1962. Kisha mwaka 1969 sheria mpya ya elimu ikaziweka shule nyingi za misheni na mashirika mengine mikononi mwa serikali. Hatua hizo mbili zilibadilisha nani aketi na nani, lakini hazikubadilisha sana wangapi waketi. Hilo lilisubiri Musoma.

Novemba 1974, mkutano wa chama tawala, TANU, mjini Musoma uliazimia kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Lilikuwa azimio kubwa kwa nchi isiyokuwa na walimu wa kutosha, na jibu lake lilikuwa la kijasiri: vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa ualimu kidogo vituoni na kidogo kazini, wakapewa chaki. Hao ndio walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Watu wamewasema vibaya sana. Mimi ninakataa kuwasema vibaya, kwa sababu bila wao mamilioni ya watu wasingejua kusoma jina lao. Mwaka 1980 wanafunzi wa msingi walikuwa wamezidi milioni 3, na vijiji vilijenga madarasa kwa matofali ya kuchoma wenyewe.

Kisha ukaja uchumi mbaya. Miaka ya 1980 serikali ilianza tena kudai fedha kutoka kwa wazazi, na katika miaka ya 1990 kila kitu kikawa na mchango wake. Ada yenyewe haikuwa kubwa machoni pa mtu wa mshahara. Lakini familia yenye watoto wanne na magunia mawili ya mahindi huchagua, na ikichagua, mmoja husoma na watatu husubiri. Mwaka 2001, robo karne baada ya Musoma, ni takriban asilimia 65 tu ya watoto wa rika lengwa waliokuwa darasani. Tulikuwa tumerudi nyuma tulikokwisha kutoka, na wapo waliokuwa wakiita jambo hilo mageuzi.

Ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002 chini ya Rais Benjamin Mkapa, milango ilifurika. Kutoka wanafunzi milioni 4.9 mwaka 2001 tulifika karibu milioni 8 mwaka 2006, na uandikishaji wa rika lengwa ukapanda hadi asilimia 96. Majirani waliona jambo lilelile. Uganda ilipofuta ada mwaka 1997, wanafunzi waliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Kenya, Januari 2003, serikali mpya ya Mwai Kibaki ilipotangaza elimu ya bure, watoto milioni 5.9 waliokuwa shuleni mwaka uliotangulia wakawa milioni 7.2. Mwaka mmoja baadaye mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyesema ana miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akajiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo mjini Eldoret. Dunia ilimpenda kama kioja kizuri. Kwangu yeye ni takwimu yenye uso: alikuwa mstari wa mbali kabisa wa foleni ya watu waliozuiwa mlangoni na ada, wengi wao wakiwa na miaka kumi, kumi na mbili, kumi na tano, ambao hakuna aliyewapiga picha.

Foleni hiyo ndiyo inayoeleza tarakimu moja inayowachanganya wasomaji wa ripoti. Zipo hesabu mbili za uandikishaji. Ya rika lengwa huhesabu watoto wa umri wa shule walio shuleni, na haiwezi kuvuka asilimia 100. Ya jumla huhesabu kila aliyeketi darasani, wa umri wowote, kisha huigawanya jumla hiyo kwa idadi ya watoto wa umri wa shule. Baada ya MMEM hesabu ya jumla ilivuka asilimia 110. Baadhi ya wanasiasa waliitaja kana kwamba tumefaulu kupita kiasi. Ilimaanisha kwamba madarasa yalijaa watoto waliochelewa. Wale waliokuwa wamepitwa mno na umri walielekezwa MEMKWA, mpango uliowafundisha kwa miaka michache wapate kurudi kwenye njia ya kawaida, na ambao nasikitika kwamba ulififia kabla foleni haijaisha.

Baada ya mafuriko, ukame tena. Kati ya mwaka 2008 na 2014 idadi ya wanafunzi wa msingi nchini ilisimama, hata ikapungua kidogo, wakati idadi ya watu ilikuwa ikipanda kila mwaka. Ada haikurudi kwa jina lake. Ilirudi kama mchango wa mlinzi, wa mtihani wa majaribio, wa dawati, wa uji. Ndipo Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaipiga marufuku michango ya lazima, na serikali ya Rais John Magufuli ikaanza kupeleka shuleni takriban shilingi bilioni 18.77 kila mwezi. Wanafunzi milioni 8.3 wa mwaka 2015 wakawa zaidi ya milioni 10 mwaka 2018.

Mtu asiyewahi kufundisha hajui wimbi kama hilo linatua vipi shuleni. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 na chumba kimoja kwa idadi hiyohiyo. Shule yenye mkondo mmoja kila darasa ingekuwa na watoto 315 kuanzia la kwanza hadi la saba. Nenda Mbagala, Chanika au Buza, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako viwanja ni vya bei nafuu na familia changa huhamia kila mwezi, ukute shule zenye watoto kwa maelfu. Darasa la kwanza lina mikondo mitano. Wadogo wanaingia zamu ya asubuhi na wengine zamu ya mchana, chumba hakipoi. Choo kinachotakiwa kuwa na tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25, kinahudumia watoto mara kadhaa ya hao. Mwaka 2016 upungufu wa madawati ulikuwa mkubwa hata Bunge likatoa shilingi bilioni 6 zilizobanwa kwenye matumizi yake zikanunue madawati, na wakuu wa mikoa wakapewa tarehe ya mwisho ya kumaliza tatizo.

Njia nyingine iliyotumika mijini ni kuigawa shule. Shule iliyozidi inakuwa A na B, kila moja na mwalimu mkuu wake, kamati yake na mhuri wake, katika kiwanja kilekile, vyoo vilevile, na kisima kilekile kama kipo. Kwenye takwimu wastani wa wanafunzi kwa shule unashuka vizuri. Mtoto wa darasa la pili anayebanwa ukutani na wenzake watano kwenye dawati la watatu hajaona mabadiliko. Sisemi kugawa shule ni vibaya. Shule ya watoto 5,000 haiwezi kuongozwa na mtu mmoja akawajua watoto wake. Ila kugawa jina kabla ya kuongeza vyumba ni kazi iliyofanywa kwa ajili ya jedwali.

Jedwali lina nguvu kwa sababu fedha hulifuata. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango kilichowekwa wakati wa MMEM, ambapo kilikuwa sawa na dola kumi za Marekani, na hakijapanda ingawa thamani ya shilingi imeshuka. Katika hizo, 6,000 hutumwa shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Gawa 6,000 kwa miezi kumi na miwili: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule ya watoto 800 hupata laki nne. Shule ya kijijini ya watoto 200 hupata laki moja, nayo ina daftari za maandalio za kununua, mitihani ya kuchapa, kitasa kilichovunjika na safari za kwenda halmashauri zinazogharimu zaidi kwa sababu iko mbali zaidi. Ninaionea huruma shule ndogo. Fomula inayomlipia mtoto inasahau kwamba jengo, barabara na mhuri navyo vina gharama zisizopungua kwa watoto kuwa wachache.

Pale fedha zinapofuata jina, majina huzaliana. Mwaka 2016 serikali ilipoagiza uhakiki, ilitangaza kugundua wanafunzi hewa zaidi ya 65,000, wengi wao wa shule za msingi. Majina yalikuwa kwenye rejista, watoto hawakuwa darasani. Ghadhabu ilikuwa ya haki pale palipokuwa na wizi. Lakini mtu anayejua rejista zinavyotunzwa atakubali kwamba si kila hewa ni mwizi. Mtoto akiacha kuja mwezi wa tatu, mwalimu humweka mtoro, humwandikia mzazi, humpelekea taarifa mtendaji wa kijiji, na sheria inamtaka afuatilie. Kumfuta haraka ni kukiri kwamba ameshindikana. Huenda amehamia machimboni na wazazi wake bila kuchukua uhamisho, huenda atarudi baada ya mavuno. Jina hubaki. Tangu Baraza la Mitihani lilipoleta mfumo wa PReM, kila mwanafunzi ana namba yake ya taifa na uhamisho hufanywa kwa namba hiyo, kwa hiyo mtoto hawezi tena kuhesabiwa Sengerema na Kahama kwa wakati mmoja. Huo ni msaada mkubwa, na matumizi yake makubwa zaidi bado hayajaanguka mahali pake: namba moja inayomfuata mtoto mmoja kwa miaka saba inaweza kutuambia ni lini hasa alitoweka.

Hapa ndipo penye kiini cha sura. Mwaka 2016, mwaka wa shangwe, watoto zaidi ya milioni 1.8 waliingia darasa la kwanza. Aliyepanda kila mwaka bila kukwama alifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwaka 2022. Walioandikishwa kufanya mtihani huo walikuwa takriban milioni 1.38. Kati ya mistari hiyo miwili ya jedwali pana pengo la zaidi ya watoto laki nne.

Msomaji makini atauliza maswali mawili, na yote ni halali. Je, hawakuhamia shule binafsi? Mtihani wa taifa huwahesabu na hao, kwa hiyo kuhama hakuelezi pengo. Je, hawakukariri darasa? Wengi walikariri. Anayeshindwa upimaji wa darasa la nne hurudia, na darasa la kwanza hurudiwa na wengi pia. Lakini wakati hao wa 2016 wanabaki nyuma, waliobaki nyuma wa 2015 na 2014 walikuwa wakiungana nao mbele, kwa hiyo kukariri kunapunguza pengo hilo lakini hakulifuti. Wanaobaki, wale ambao hakuna hesabu inayowarudisha, ni watoto waliokuwa darasani na sasa hawapo. Kila mmoja alikuwa na dawati.

Fomu za takwimu zina safu ya sababu za mdondoko: utoro, mimba, kifo, ugonjwa, kukosa mahitaji. Mwaka baada ya mwaka utoro huzifunika sababu nyingine zote kwa mbali. Safu hiyo inanihangaisha. Kusema mtoto aliacha shule kwa sababu ya utoro ni kusema hakuwepo kwa sababu hakuwepo. Aliyejaza fomu hakudanganya, alikuwa na visanduku vichache na jioni moja ya kuvijaza. Nyuma ya utoro kuna njaa ya mchana katika shule isiyo na uji, kuna viboko, kuna mtoto wa darasa la tano asiyejua kusoma ambaye kila saa ya darasa inamwaibisha mbele ya wenzake, kuna msimu wa pamba na msimu wa dagaa. Sababu hizo zinatofautiana kata kwa kata, na mwalimu wa darasa anazijua. Zingeandikwa pale kwenye kata, hata kwa kalamu ya risasi, afisa elimu kata angekuwa na la kufanya Jumatatu.

Safu za Wav na Was zina siri nyingine. Kwa miongo mingi tulizungumzia mtoto wa kike, na tulikuwa na haki: mpaka Novemba 2021, serikali iliporuhusu waliokatisha masomo kwa mimba kurudi shuleni, msichana aliyejifungua alikuwa amefungiwa mlango moja kwa moja. Lakini tazama jedwali la taifa la shule za msingi. Darasa la kwanza wavulana huzidi kidogo, kama ilivyo kwa kuzaliwa. Shuka chini na wavulana wanapungua kwa kasi kuliko wasichana, hata katika chumba cha mtihani wa darasa la saba wasichana ni wengi. Mwaka 2022 walikuwa zaidi ya nusu ya watahiniwa. Kijana wa Geita amekwenda kuponda mawe, wa ukanda wa ziwa yuko mtumbwini, wa Simanjiro na Kiteto amepewa ng'ombe. Mimba ya msichana huonekana na hujadiliwa bungeni. Mvulana hupotea polepole, siku mbili kwa wiki, kisha tatu, na kijiji kinaona amekuwa mwanamume. Kulisema hili hakumnyang'anyi binti chochote. Jedwali lile lile lililotusaidia kumwona yeye linatuonyesha sasa na kaka yake.

Kuna safu ambayo kwa miaka mingi haikuwepo kabisa: wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Shule kama Uhuru Mchanganyiko, jijini Dar es Salaam, inayosomesha wasioona, wenye ulemavu wa akili, wenye ualbino na wasio na ulemavu chini ya paa moja, zilikuwa chache, na kijijini mtoto wa namna hiyo hakuandikwa kwa sababu hakuletwa. Safu ilipoanza kuchorwa, ilianza pia kujazwa. Nayo inaweza kujazwa na hofu. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2006, watoto walikusanywa usiku na mchana kupelekwa bwenini Buhangija mkoani Shinyanga na Mitindo wilayani Misungwi. Shule hizo zilipokea mamia. Mtu akitazama takwimu za shule hizo bila kujua miaka ile angedhani wilaya imefanya kampeni nzuri ya elimu jumuishi.

Na zipo safu ambazo hazimo, na kutokuwepo kwake kuliamuliwa. Manila yetu haina kabila wala dini. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumwuliza Mtanzania mambo hayo. Katika nchi kama Marekani takwimu za kila shule ya msingi ya umma hupangwa kwa rangi na asili ya mwanafunzi, kwa sababu huko historia ya kutengwa ilifanya kutohesabu kuwe njia ya kuficha. Hapa tuliona kuhesabu ndiko kungetutenga. Naamini tuliamua vyema. Gharama yake ni kwamba mtoto wa Wahadzabe au wa Wabarabaig akitoweka darasani, anatoweka ndani ya wastani wa wilaya, na ni mwalimu wake peke yake anayejua.

Zaidi ya Watanzania wanne kati ya kila kumi, kwa sensa ya 2022, hawajatimiza miaka 15. Mstari wa darasa la kwanza hautapungua wenyewe. Tena umebadilishwa kanuni: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaweka umri wa kuanza darasa la kwanza kuwa miaka sita, inafupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, na inaifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, hadi kidato cha nne. Mtaala mpya ulianza na darasa la kwanza na la tatu mwaka 2024. Waliokuwa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa la nne watamaliza la saba. Januari 2028 kidato cha kwanza kinatakiwa kupokea madarasa mawili kwa mpigo.

Halmashauri zinapiga hesabu za vyumba, na nyingi zitaanzia kwenye pembe ya chini kulia. Ningezishauri zianzie kwenye mistari miwili inayohusika, kila muhula, wavulana kando na wasichana kando, na kwa kila jina lililokatwa kwa wino mwekundu zimwulize mwalimu wa darasa mtoto huyo yuko kitongoji gani na anafanya nini. Wengi wao hawajafika mbali. Wana miaka kumi na moja au kumi na miwili, namba zao za PReM bado zipo, na nafasi katika kidato cha kwanza cha 2028 inajengwa kwa kodi ya wazazi wao pia.